Chakula Kinachofurukuta

Kiswahili hakina jina la mnyama ninayetaka kumzungumzia, na sababu yake ni nyepesi: hayupo kwetu. Kusini mwa Sahara hakuna salamanda hata mmoja wa asili. Tuna vyura wa kila namna, tuna hata wale amfibia wasio na miguu wanaoishi udongoni ambao watu wengi huwaua wakidhani ni nyoka, lakini amfibia mwenye mkia mrefu na miguu minne hatukujaliwa. Kwa hiyo nimeazima jina la Kiingereza na kulipachika irabu mwishoni: nyuti. Ukimwona mara ya kwanza utadhani ni mjusi aliyeanguka majini akaamua kubaki humo humo.

Ninaowalisha mimi ni wanne, wa aina inayotoka mashariki mwa China. Hawazidi urefu wa kidole. Mgongo mweusi, tumbo la rangi ya chungwa lenye mabaka meusi. Rangi hiyo si pambo, ni onyo kwamba ngozi ina sumu. Si wangu. Ni wa mwenzangu wa nyumba, mwanafunzi wa biolojia, aliyekwenda kufanya utafiti nje kwa miezi mitano na kuniachia ufunguo wa chumba chake, tangi la kioo, na karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa friji. Mimi nasoma shahada ya uzamili katika falsafa, hapa hapa Ujerumani, na nilidhani kazi ile itakuwa kama kumwagilia maua.

Karatasi yenyewe ilikuwa fupi. Chakula chao kikuu ni nyungunyungu: waoshwe, wakatwe vipande. Mara moja kwa wiki, mabuu mekundu ya wale wadudu wanaofanana na mbu wasiouma, yanayouzwa yakiwa yamegandishwa. Viroboto-maji hai, wakipatikana dukani. Mabuu ya wadudu wa unga, hapana: mafuta mengi, ganda gumu. Nyama ya ng'ombe au kuku, hapana. Samaki wadogo wa kulishia, hapana, kwa kuwa baadhi yao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Nyenje si kitu cha kutegemea, maana wana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na mnyama akilishwa hivyo kwa muda mrefu mifupa yake hulegea. Usichote chochote kwenye bwawa la nje, kwa kuogopa vimelea. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa: mara tatu kwa wiki tu, hata wakikutazama.

Wanakutazama kweli. Ukipita karibu na kioo wote wanne huja mbele, wanainua vichwa, na mtu yeyote aliyelelewa kwenye nyumba ambayo mgeni hapiti bila kuulizwa kama amekula atajisikia vibaya. Mkono unakwenda wenyewe kwenye friji. Lakini nyuti hana kipimo chetu cha kushiba. Katika maji ya asili chakula huja kwa kubahatisha, na mwili wake umeumbwa kupokea kila bahati inayopita. Ndani ya kioo bahati haiishi, kwa sababu bahati ni mimi.

Swali la kwanza, basi, halikuwa la virutubisho. Mmoja wao, dume mwenye ncha ya mkia iliyomeguka, alikataa nyungunyungu. Nilimpa jina la Kaidi. Kipande kikiletwa mbele yake kwa kibano alikigusa kwa pua, akageuka, akaenda kukaa chini ya jani. Mabuu mekundu aliyafakamia. Nilimwandikia mwenzangu, naye akajibu kwa utulivu wa watu wa biolojia: asipewe mabuu, asubiri, nyuti mzima kwenye maji ya baridi anaweza kukaa siku nyingi bila kula na asidhurike, mabuu peke yake hayamtoshi.

Kwa hiyo nilikuwa na mnyama anayeonyesha waziwazi anachokitaka, nami nina uwezo wa kumpa, na nimeagizwa nimnyime kwa faida yake. Huko darasani tuna neno refu kwa jambo hili, lakini kwetu huitwa ulezi tu. John Stuart Mill, alipoandika kuhusu uhuru mwaka 1859, alikataa katakata kumlazimisha mtu mzima kwa ajili ya manufaa yake mwenyewe, kisha akawatoa watoto kwenye kanuni hiyo. Wengi wetu tungemweka nyuti kwenye fungu la watoto na kuendelea na shughuli zetu. Mimi nadhani hapo pana kasoro. Mama yangu alinilazimisha kunywa uji wa ulezi uliosagwa pamoja na dagaa, kila asubuhi, na niliuchukia kwa moyo wote. Leo naweza kumwambia asante, au naweza kumwambia alikosea. Vyovyote vile, yupo mtu mzima aliyetokana na mtoto yule, anayeweza kusimama na kuhukumu malezi aliyopewa. Mzazi hukopa ridhaa kutoka kwa mtu atakayekuja baadaye. Kaidi hatakuja kuwa mtu huyo. Hakuna siku atakayokaa na kusema, sasa nimeelewa kwa nini ulininyima. Ninapomnyima leo sikopi kwake chochote, kwa sababu hakuna siku ya kulipa.

Jibu la watu wa Aristotle lingekuwa kwamba uzuri wa kiumbe hupimwa kwa aina yake: nyuti ana namna yake ya kustawi, na kinachomsaidia kustawi ndicho chema kwake, akitake asikitake. Nalikubali kwa nusu. Mifupa iliyolegea ni mibaya kwa nyuti bila kura ya mtu yeyote. Lakini namna ya kustawi ya nyuti haina mimi ndani yake. Hakuna mahali popote katika maumbile yake palipoandikwa kwamba Jumatatu, Jumatano na Jumamosi mwanafunzi wa falsafa atamletea kipande kwa kibano. Aliyekuwa akichagua majini ni yeye, kwa njaa yake na macho yake na bwawa lililomzunguka. Tulipomweka kwenye kioo hatukumnyima maji wala chakula. Tulichukua kazi ya kuchagua, na kazi hiyo haikupotea hewani, iliniangukia mimi.

Siku ya nane Kaidi alichukua kipande. Nilikuwa nimejifunza kukitikisa.

Hapa ndipo jambo lilipokuwa gumu kwangu, kwa sababu ya namna nyuti anavyoona. Macho yake hushtuliwa hasa na mwendo. Ana pua pia, anaweza kunusa kilichotulia, lakini kinachomfanya ageuze kichwa, anyemelee na kufyatua mdomo ni kitu kinachojipinda. Ndiyo maana nyungunyungu aliyekatwa ni bora kuliko kipande cha nyama: vipande vyake huendelea kufurukuta. Mimi ndiye ninayemkata. Namwosha chini ya bomba, namlaza kwenye kisahani, namgawa mara nne kwa mkasi, na kila robo inajikunja kivyake. Kinachomfanya nyuti aone chakula ndicho kinachonifanya mimi nione kiumbe. Dalili ni ile ile moja. Tunaisoma kwa namna mbili, kwa wakati mmoja, kutoka pande mbili za kioo.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni nzuri. Kufurukuta si ushahidi wa maumivu. Robo ya mkiani, isiyo na ubongo hata kidogo, hufurukuta sawa na robo ya kichwani, na mara nyingine zaidi. Misuli na mishipa yake ina maagizo yake. Kama mwendo ungekuwa maumivu, ingebidi tuseme nyungunyungu mmoja ana wanaoumia wanne, jambo ambalo hata mwanafalsafa aliyekesha hawezi kulisema bila kucheka.

Lakini hoja hiyo inaondoa ushahidi mmoja tu, haiondoi swali. Charles Darwin, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, yaani 1881, alitoa kitabu kizima kuhusu nyungunyungu. Aliwaweka kwenye vyungu vya udongo ndani ya nyumba, akawapigia piano na zumari kubwa kuona kama wanasikia. Sauti hawakuijali, ila chungu kikiwekwa juu ya piano walikimbilia mashimoni kwa sababu ya mtetemo. Akachunguza wanavyovuta majani kuziba midomo ya mashimo yao, akakuta kwamba mara nyingi huyashika kwa upande unaopita kwa urahisi, hata alipowapa vipande vya karatasi vya pembetatu. Alihitimisha kwamba wana kiasi fulani cha akili. Sijui mtu mwingine mwenye sifa kama zake aliyetumia muda mrefu hivyo kumsikiliza mnyoo. Baada ya kumsoma, siwezi tena kumshika nyungunyungu kama ninavyoshika uzi.

Nikasema moyoni, labda suluhisho ni kubadilisha chakula. Kuna punje kavu zinazotengenezwa kwa ajili ya amfibia na samaki. Baadhi ya nyuti hufundishika kuzila. Hazifurukuti. Lakini soma upande wa nyuma wa kopo: unga wa samaki, unga wa uduvi. Wale nao walifurukuta, ila mbali, baharini, mbele ya macho ya mtu mwingine. Punje haipunguzi mauaji, inayahamisha. Na mabuu mekundu? Kipande kimoja kidogo cha barafu, kama ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kina mabuu mengi kiasi kwamba nilipojaribu kuyahesabu niliacha. Kama uhai wa kila mmoja unahesabika sawa, basi nyungunyungu mmoja kwa nyuti wanne ndiyo karamu yenye vifo vichache kuliko zote, na kile kipande cha barafu kilichonyamaza, kisichotia huruma, ndicho chenye msiba mkubwa. Kama uhai wa buu una uzito mdogo kuliko wa nyungunyungu, nahitaji mtu anieleze mzani alioutumia. Ninachoshuku ni kwamba mzani wetu hupima kelele. Anayefurukuta mbele yetu ana uzito, aliyegandishwa hana.

Martha Nussbaum, mwanafalsafa wa Marekani, amewahi kulitazama tatizo hili kwa mfano wa chui milia. Mnyama yule anahitaji kuwinda, lakini swala naye anahitaji kuishi. Basi, anasema, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York ilionekana kwamba chui milia anaweza kupewa mpira mkubwa uliofungwa kwa kamba, autie makucha na kupambana na uzito wake badala ya swala. Napenda mfano huo kwa sababu unachukua kwa uzito kwamba kula si kujaza tumbo tu. Kuna kunyemelea, kuna kungoja, kuna kurukia. Kutikisa kibano ni mpira wangu wa Kaidi. Ila mpira hauliwi. Jioni chui milia atapewa nyama, na nyama hiyo ilikuwa na miguu. Mfano unamwondoa swala mbele ya macho ya watazamaji na kumwacha ng'ombe nyuma ya jengo.

Nilimsimulia mama haya yote kwenye simu, kwa kifupi na bila majina ya wanafalsafa. Nimekulia Ifakara, na yeye yuko huko bado. Aliniacha nimalize.

“Sasa huyo mnyama wenu huliwa?”

“Haliwi, mama.”

“Analinda nyumba?”

“Hapana.”

“Kwa hiyo kazi yake nini, mwanangu?”

“Anatazamwa tu.”

Akanyamaza kidogo. “Na huyo mnyoo anakufa ili huyo atazamwe.”

Mama si mtu wa kulilia minyoo. Utotoni tulichimba nyungunyungu nyuma ya migomba, pale maji ya kuoshea vyombo yalipomwagwa, tukawatia kwenye kopo la maziwa na kumpelekea mjomba, naye akarudi na kambale au perege na nyumba ikala. Hakuna aliyekaa kujiuliza juu ya mnyoo kwenye ndoana, na sidhani kwamba tulikosa utu. Alichokigusa mama ni kingine: kifo kile kilikuwa kwenye mnyororo wenye mwisho unaoeleweka. Huku mnyororo unaishia kwenye kioo. Bwawani nyuti akimla mnyoo hakuna mwenye deni, kwa sababu hakuna aliyechagua kwa niaba ya mwingine. Huyu alikuwa na njaa na yule alikuwa na mkosi. Aliyeleta kioo ndiye aliyeleta deni. Nyuti hana kosa hata akila elfu.

Ifakara si mbali na Kihansi, na tangu mazungumzo yale nimekuwa nikiwafikiria vyura wa huko. Kila Mtanzania aliyesoma biolojia kidogo anawajua: vyura wadogo wa manjano, mkubwa kabisa hafikii sentimita 3, walioishi mahali pamoja tu duniani, kwenye unyevunyevu wa maporomoko ya mto Kihansi chini ya milima ya Udzungwa, katika vipande vya majani vyenye eneo la hekta chache. Hawatagi mayai, huzaa watoto waliokwisha kuwa vyura, kila mmoja na udogo wa milimita 5 hivi. Walitambuliwa na wanasayansi mwaka 1996, wakati mradi wa umeme wa megawati 180 ulikuwa tayari unajengwa. Mwaka 2000 maji yakaelekezwa kwenye mitambo, sehemu kubwa sana ya mto ikaondoka kwenye korongo, na mvuke uliokuwa ukilowesha majani usiku na mchana ukatoweka. Mwishoni mwa mwaka huo vyura 499 walikusanywa na kupelekwa Marekani, kwenye bustani ile ile ya Bronx yenye mpira wa chui milia. Korongoni kulifungwa mabomba ya kunyunyizia maji. Kwa muda vyura waliongezeka, kisha mwaka 2003 idadi ikaporomoka, na kuvu inayoua ngozi za amfibia ikakutwa. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini.

Waliobaki waliishi kwenye masanduku ya kioo, nao wakapitia walichopitia nyuti wangu, kwa uchungu zaidi. Huko mwanzoni walikufa wengi, wakabaki wachache mno, hadi walezi wao walipojifunza taa ipi, unyevu upi, chakula kipi. Chakula cha chura wa milimita 5 ni kazi ya mtu kweli kweli: wadudu warukao wa udongoni wasioonekana vizuri kwa macho, nzi wa matunda, nyenje waliototolewa jana. Wote hao inabidi wazalishwe, walishwe, wapakwe unga wa vitamini na kalsiamu, kisha wamwagwe wakiwa hai mbele ya vyura. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Tanzania, kwenye kituo kilichojengwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu 2012 wameanza kurudishwa korongoni kwao.

Nikiwaza kwa hesabu ya mama, nyenje wa Dar es Salaam wanakufa kwa sababu inayoeleweka: kuna kiumbe tulichokivunjia nyumba na tunajaribu kukirudisha. Hilo nalikubali bila shida. Ila nalikubali nikiwa najua nilikokaa. Umeme wa Kihansi uliingia kwenye gridi ya taifa, na taa niliyosomea hadi nikafika huku ilikuwa na sehemu yake ndogo ndani yake. Mvuke ulioloweka majani ndio uliolisha wadudu, na wadudu ndio waliolisha vyura. Orodha ya chakula chao haikuwa orodha, ilikuwa ni mahali. Tulipochukua mahali, tulibaki tunadaiwa mlo mmoja mmoja, kila siku, na wa kuulipa alikuwa mlezi mwenye kopo la nzi mkononi, na nzi wenyewe. Nzi hawakutumia umeme.

Kwa upande wa nyuti hoja ya uokoaji haipo. Aina hii huko kwao bado ipo ya kutosha, na biashara ya kuwasafirisha imekuwa na gharama ambayo haikuandikwa kwenye bei: mwaka 2013 wanasayansi walieleza aina mpya ya kuvu iliyokuwa inawamaliza salamanda wa msituni kusini mwa Uholanzi, kuvu yenye asili ya Asia, na biashara ya amfibia wa kufuga ndiyo inayoshukiwa kuileta. Marekani ilizuia uingizaji wa aina nyingi za salamanda mwaka 2016. Ndiyo maana maji ya tangi siyamwagi nje hata tone.

Hata hivyo wale wanne wapo. Hawakuomba kuletwa, na kuwanyima nyungunyungu ili nijisikie safi kungekuwa kuwafanya wao walipe kwa ajili ya wasiwasi wangu. Kwa hiyo Jumatatu, Jumatano na Jumamosi nachukua mkasi. Nakata haraka, sigeuzi uso. Kuhusu kugeuza uso nimefikia msimamo: nadhani anayelisha anapaswa kutazama, si kwa kujitesa, bali kwa sababu katika nyumba ile hakuna mwingine anayejua kwamba kuna aliyekufa.

Wiki iliyopita mwenzangu alinipigia. Anarudi mwezi ujao, na ameona nimewazoea, akauliza kama ningependa kubaki na wawili, Kaidi na mmoja wa majike. Nikamuuliza wanaishi miaka mingapi. Akasema wakitunzwa vizuri, miaka 20 si ajabu. Nikapiga hesabu nikiwa bado kwenye simu: nyungunyungu mmoja kwa wawili hao, mara 3 kwa wiki, wiki 52, miaka 20. Ni nyungunyungu 3,120. Nilimwambia kwamba kila atakaposafiri anaweza kuniachia ufunguo, lakini wabaki kuwa wake.